Kapoaka Arobaini Zimekwenda Wapi

Voahirana alikuwa na mkono unaojua uzito. Yaani umwekee karanga kiganjani, anakwambia hapo gramu themanini, ukienda kupima unakuta themanini na mbili, halafu anakasirika kwa zile mbili. Hakusomea popote. Mama yake alikuwa anauza nafaka soko la Jumatano, kule chini ya mji wa Ambositra, na yeye alikulia pembeni ya turubai, katikati ya vilima vya mchele na maharage na unga. Alishika kapoaka kabla hajajua kushika kalamu.

Kapoaka si ndo lile kopo dogo la maziwa mazito. Maziwa yakiisha linaoshwa, na kuanzia siku hiyo ndo kipimo cha maisha yote. Mchele unauzwa kwa kapoaka, unakopeshwa kwa kapoaka, unapikwa kwa kapoaka. Na kila mtoto, hata yule anayefeli kila kitu, anajua kwamba kapoaka tatu na nusu ni kilo.

Sasa hapo ndo watu wanapoingia mkenge. Tatu na nusu ni ya mchele. Unga wa ngano unaweza ukajaza kapoaka tano na kilo haijatimia bado. Chumvi ndo usiseme, mbili na nusu tu umemaliza. Lakini jaribu kumwambia mtu. Kichwani mwake kapoaka imeshakuwa uzito, tatu na nusu, basi, hata ungempimia manyoya ya bata.

Na kwa kosa hilohilo ndo Voahirana alipata mume. Herilanto alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, shati limepigwa pasi hadi linakata. Alitumwa na walimu wenzake kununua unga kilo mbili wa keki ya sherehe.

"Nipimie kapoaka saba," akasema.

"Saba za unga sio kilo mbili, mwalimu."

"Saba gawanya kwa tatu na nusu, jibu?"

"Jibu la mchele. Huu ni unga."

"Dada, hesabu ni hesabu."

"Haya, beba. Keki ikikataa usirudi kunilaumu."

Jumatano iliyofuata alirudi, kasimama mbele ya turubai kama mwanafunzi aliyechelewa. "Ilikuwa supu," akasema. "Naomba unifundishe kugawanya." Mama yake Voahirana alicheka mpaka kikohozi kikampanda. Mwaka haukuisha, wakaoana.

Voahirana akahamia kwa kina Herilanto, saa mbili kwa miguu kutoka kwao, na mizigo yake: godoro, sufuria tatu, mkeka, na kapoaka mpya inayong'aa ambayo mama yake alimchagulia. Hapo uani waliishi watu wanne. Yeye na mume wake. Mama mkwe wake, Razafinoro, mjane mwembamba aliyelea watoto wanne peke yake, wawili sasa wako mji mkuu. Na Zoeline, dada mkubwa wa Herilanto, aliyeachana na mumewe akarudi nyumbani kukaa chumba cha nje. Zoeline alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na alipenda kula. Tangu utotoni walimwita Shimo. Anaitwa hivyo kanisani, anaitwa hivyo mtoni, na yeye mwenyewe anaitikia.

Razafinoro alikuwa na jina kubwa kijijini kwa jambo moja: gunia. Huko kila nyumba ikiishiwa mpunga wake, kwenye ile miezi ya mvua kabla ya kuvuna, inabidi mnunue gunia la kilo hamsini na muombe lifike. Magunia ya watu hayafiki. La Razafinoro linafika. Kapoaka tano kwa siku, siku arobaini na tatu, miaka thelathini bila kukosea. Wanawake wadogo walikuwa wanatumwa kwake kujifunza. Na Zoeline hakuacha kulitangaza: "Kwetu tulifiwa na baba tukiwa wadogo, lakini hatukuwahi kulala njaa. Tano kila siku. Muulizeni yeyote mnayemtaka."

Kapoaka ya zamani ya Razafinoro ilikuwa imetoboka ubavuni kwa kutu, mchele unavuja, kwa hiyo mwaka ule aliipeleka kwa kuku. Akamwita Voahirana jikoni.

"Tutumie hiyo yako mpya. Na mpimaji ni wewe sasa, mwanangu. Mimi nimechoka kuinama."

Hiyo ni heshima, msione mchezo. Wapo wanaokaa kwenye ndoa miaka kumi hawajashika kopo la nyumba.

Gunia likafunguliwa katikati ya mvua. Razafinoro akasema, "Siku arobaini na tatu, hilo linatuingiza kwenye mavuno." Na Voahirana, ambaye mkono wake unajua uzito na kichwa chake hakilali, alishapiga hesabu kabla mama mkwe hajamaliza sentensi. Kilo hamsini, mara tatu na nusu, mia na sabini na tano. Gawanya kwa tano. Thelathini na tano. Sio arobaini na tatu. Siku nane hazipo.

Akanyamaza.

Hapo ndo kosa lake, na baadaye alilitafuna sana. Lakini jiweke wewe. Umeingia nyumba ya watu, umepewa kopo la nyumba leo asubuhi, halafu kabla ya mchana umwambie mama mkwe kwamba hesabu iliyompa jina miaka thelathini haijumlishi? Akajiambia labda mama anajua kitu. Labda huwa wanachanganya mihogo mwishoni. Akawa anapima tano, anasawazisha kwa kidole, anapika.

Siku ya ishirini na tisa, Alhamisi, Zoeline akaingia jikoni kutafuta ukoko, akafunua gunia, akalifunika, akalifunua tena.

"Mama," akaita. "Njoo uone hili gunia. Limekonda."

Wakalimwaga kwenye mkeka, wakapima. Thelathini. Kapoaka thelathini, na siku zilizobaki mpaka kuvuna ni kumi na nne.

"Miaka yote siku kama ya leo huwa zinabaki sabini na kitu," Zoeline akasema. "Si ndiyo, mama?"

Razafinoro alikuwa anaangalia mchele. "Sabini na kitu," akasema, taratibu.

"Sasa kapoaka arobaini zimekwenda wapi, wifi?"

Voahirana akahisi masikio yanawaka. "Hazijaenda popote. Gunia ni kapoaka mia na sabini na tano. Tano kwa siku haliwezi kufika arobaini na tatu. Haliwezi, hata likipimwa na malaika."

"Eh. Kumbe." Zoeline akashika kiuno. "Kwa hiyo mama amekuwa anaota miaka thelathini."

"Sijasema hivyo."

"Umesema haliwezi. Limeweza kila mwaka, nimelila kwa mdomo huu. Mwaka huu limeingia mkononi mwako, ndo haliwezi. Na mbona hukusema siku ya kwanza?"

Voahirana akaanza kurudisha mchele guniani.

Herilanto akaitwa. Akatoa daftari, akaandika, akagawanya, akarudia. Ikatoka thelathini na tano. Akaonyesha.

"Hesabu za shule hazipiki wali," Zoeline akasema. "Wewe hesabu hizohizo si ndo zilipika keki ikawa supu?"

Mwalimu wa watu akafunga daftari. Kusema kweli mwenyewe alichanganyikiwa. Kwenye karatasi mkewe ana haki. Kwenye kumbukumbu yake, tangu ana miaka mitano, tano kwa siku, arobaini na tatu, na hakuna aliyewahi kukosa. Mtu abishane na utoto wake?

"Mama yake wifi alikuwa mgonjwa mwezi uliopita," Zoeline akaendelea, sasa sauti imeshuka, na Zoeline akishusha sauti ndo uogope. "Alienda kumwona mara tatu. Na kikapu. Mimi nilimpokea kikapu siku ya kurudi, kilikuwa chepesi kama unyoya. Cha kwenda sikukipokea."

"Nilipeleka mihogo na majani," Voahirana akasema. "Herilanto alinifungia mwenyewe."

"Mara moja nilikufungia," Herilanto akasema. Alikuwa anasema ukweli tu, masikini, lakini ungemsikia alivyousema.

Ikaamuliwa Jumapili baada ya kanisa wakae. Na kila mtu alijua kukaa kunamaanisha nini. Mke akikasirika akaenda kwao mwenyewe, hiyo sawa, mume atamfuata na maneno mazuri na kila mtu atacheka. Lakini mke akirudishwa na ndugu wa mume, na sababu ikiwa mchele, miezi ya njaa, huyo hata akirejea ni mwizi mpaka wajukuu. Na mama yake Voahirana alikuwa muuza nafaka. Mteja gani atanunua tena kwenye turubai la mama wa mwizi wa mchele?

Razafinoro aliongeza neno moja tu siku ile: kuanzia kesho wapime tatu, wajazie mihogo. Akaenda zake kupalilia mvua ikinyesha.

Ijumaa asubuhi Voahirana akaenda kulisha kuku, maana kuku hawana habari na kesi ya mtu. Akachota pumba na ile kapoaka ya zamani, akaingiza mkono kukwangua zilizoganda chini, na kucha zikagonga chuma mapema.

Akasimama. Akatoa mkono, akaingiza tena, pole pole. Mkono unaojua uzito unajua na kina. Kwenye kapoaka ya kawaida kidole cha kati kinazama mpaka kwenye pingili ya mwisho. Kwenye hii kilisimama kabla.

Akaigeuza. Kitako kilikuwa kimebonyea kuingia ndani, mviringo mzuri kabisa, kama kimegongwa kwa kitu cha duara. Kuanguka hakufanyi hivyo. Alishaviona hivyo vitako sokoni, anavijua sana. Ni ujanja wa wachuuzi wabaya: unagonga kopo kutoka nje, unamuuzia mtu kapoaka tano anaondoka na nne. Mama yake alishawahi kumpiga mwenzake kibao sokoni kwa kopo kama hilo.

Miguu ilimpeleka yenyewe mpaka dukani kwa Ralambo, kopo moja kila mfuko wa koti. Ralambo ndo mwenye mizani peke yake kijijini, ile ya vyuma na sahani mbili.

"Mjomba, nipimie haya. Tuzibe tundu la hili kwa karatasi, mchele usawazishwe."

"Binti wa soko anataka kunikagua leo," Ralambo akasema, akajaza, akasawazisha kwa kijiti, akamwaga kwenye sahani. Jipya: mia mbili themanini na tano. La zamani: mia mbili na thelathini.

Wote wawili wakaangalia mizani.

Ralambo akaliinua kopo, akalipiga chabo kama darubini, akapapasa kitako. "Hili kopo la mchuuzi kabisa. Mama mkwe wako aliwahi kuuza mchele?"

"Hapana."

"Basi alikuwa anamwibia nani?"

Alisema kwa kucheka. Voahirana hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu, hawezi kuacha, ni kama ugonjwa. Kilo hamsini kwa gramu mia mbili thelathini ni kapoaka mia mbili na kumi na saba. Kwa tano, siku arobaini na tatu. Imetoka kamili. Hakuna mwizi. Tano za mama mkwe ni nne za watu wengine, basi, ndo siri yote ya gunia linalofika.

Ungedhani atakimbia nyumbani akapige kelele uani. Na alianza kwenda mbio, kweli. Lakini njiani mbio zikapungua, maana swali la Ralambo lilikuwa linamfuata. Kopo halikukaa sokoni hata siku moja. Lilikaa jikoni. Waliokuwa wanapimiwa ni watoto.

Jumamosi alimkuta Razafinoro peke yake bandani, anatafuta mayai. Akamwonyesha kopo, kitako kwanza.

Mama mkwe hakulishika. Akaweka yai moja kwenye nguo yake, akatafuta lingine ambalo halikuwepo.

"Liache kwa kuku," akasema.

"Nikiliacha, mama, kesho mimi naondoka."

"Utarudi baada ya kuvuna. Watu wakishiba wanasahau."

"Mimi sitasahau." Akaligeuza kopo mkononi. "Umejua tangu lini kwamba sikuiba?"

Razafinoro akakaa juu ya gogo. Alionekana mdogo, magoti juu kama ya mtoto. "Siku za kwanza sikujua. Nimelitumia miaka mingi, nilishasahau kuwa sio kopo la kawaida. Tano ni tano. Halafu siku ya ishirini hivi nikainua gunia, nikaona. Nikakumbuka."

"Ukanyamaza."

"Na wewe ulinyamaza siku ya kwanza."

Hilo lilimchoma Voahirana, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu halikuwa sawa hata kidogo. Yeye alinyamaza kwa heshima. Huyu alinyamaza akiangalia mwenzake anaitwa mwizi.

"Kesho nitayaleta makopo yote mawili kwenye mkeka," akasema. "Nani alilipiga sitasema. Hiyo sio kazi yangu, mama. Lakini nitayaleta."

"Zoeline atauliza."

"Ndiyo. Atauliza."

Jumapili wakaketi sebuleni, nguo za kanisani bado mwilini. Zoeline hakuvua hata kofia. Alianza vizuri, kwa adabu, wifi yetu tulimpokea kwa mikono miwili, halafu adabu ikamuishia katikati akasema waziwazi: kapoaka arobaini, mama mgonjwa, kikapu. Apelekwe kwao mpaka mavuno. Herilanto alikuwa anatazama vidole vyake.

"Mama, unasemaje?" Zoeline akauliza.

Razafinoro akakunja upya pindo la nguo yake.

Voahirana akafungua kikapu. Akaweka makopo mawili kwenye mkeka, na sufuria ya mchele. "Mwalimu," akasema, na hajawahi kumwita hivyo tangu soko, "jaza hilo la kuku. Sawazisha. Sasa limwage kwenye langu."

"Tumekuja kucheza duka?" Zoeline akasema.

Herilanto akajaza, tundu kalizuia kwa kidole gumba, akamwaga. Mchele ukatulia kwenye kopo jipya, chini ya mdomo, pengo la unene wa kidole kizima. Akalitikisa kidogo, kama utaongezeka. Akarudia mwanzo. Pengo lilelile. Akaligeuza la zamani na kuona kitako, na uso wake ukawa wa mtu anayesoma barua.

"Tano kwa hili ni nne kwa hilo," Voahirana akasema. "Gunia halijapungua. Kopo ndo limekua."

"Nani kaligonga hivi?" Herilanto akauliza.

Voahirana akatazama mkeka. Aliahidi hatasema, na hakusema. Kama mama mkwe angesema sijui, basi. Zoeline angesema kaligonga wifi jana kwa jiwe, na nani angebisha?

Zoeline alishafungua mdomo, kabisa, wakati Razafinoro aliposema, "Mimi."

Akalivuta kopo la zamani karibu na miguu yake.

"Mwaka wa kile kimbunga. Baba yenu ana miezi mitatu kaburini. Nina gunia moja na nyinyi wanne. Mlikuwa mnasimama mlangoni pa jikoni mnahesabu, baba yenu ndo aliwazoesha, mkihesabu anacheka. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Nikapiga hesabu, nikaona lazima niishie nne. Siku ya kwanza nikaishia nne, mkalia. Hamjala bado, njaa mmeitoa wapi? Mlilia hesabu tu." Akapangusa goti lake ambalo halikuwa na kitu. "Kesho yake nikachukua mchi. Nikapima tano. Mkaenda kucheza."

"Na kimbunga kilipopita?" Herilanto akauliza.

"Mwaka uliofuata nao ulikuwa mbaya. Na uliofuata. Halafu watu wakaanza kunisifia."

Hapo Voahirana alitegemea angalau mtu amgeukie yeye. Aseme samahani, au hata aseme haya. Hakuna aliyemgeukia. Wote walikuwa wanamwangalia Zoeline, aliyekuwa amevua kofia.

"Mimi nilikuwa nasema sijashiba," Zoeline akasema.

Mama yake akainua uso.

"Kila siku. Nilikuwa nasema mama sijashiba, na wewe unasema tumepika tano, Zoeline, watu wengine wote wameshiba, wewe tumboni una shimo."

"Ulikuwa unakua haraka kuliko wenzako."

"Wananiita Shimo kanisani, mama. Leo asubuhi wameniita Shimo. Mume wangu alikuwa ananiita Shimo mbele ya wageni." Hakupandisha sauti hata kidogo, na hiyo ndo ilikuwa mbaya. "Nilidhani nimezaliwa na kasoro."

Akainuka, akatoka. Kofia aliiacha. Wakasikia mlango wa chumba cha nje.

Baadaye uani Herilanto alimfuata mkewe kwenye kamba ya nguo. "Huendi kwenu," akasema.

"Najua siendi."

"Nilipaswa kusema vile vikapu..."

"Ulipaswa." Akaanua shati lake, likawa bado bichi, akalianika tena. Alikuwa ameshinda, si ndiyo? Jina lake safi, la mama yake safi. Mbona alijisikia kama yeye ndo kaingia na mchi nyumba ya watu? Hasira yake kwa mama mkwe ilikuwepo bado, nzima, imekaa kifuani, na hapohapo hakuweza kuacha kuwaona wale watoto wanne mlangoni, na mwanamke amewapa mgongo, anapima.

Na njaa haikuwa imekuja kusikiliza kesi. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili walipika tatu tatu. Zilibaki ishirini na moja. Mavuno, siku kumi na moja. Mbili kwa siku, na siku moja itapata moja.

Jumatatu asubuhi Voahirana akaketi mbele ya gunia na kapoaka yake. Mihogo ilishamenywa, rundo. Razafinoro akaja akasimama mlangoni, mahali ambapo bila shaka watoto wake walikuwa wanasimama, na akaongea kwa kunong'ona.

"Hesabia moyoni. Ukuta wa chumba chake ni mwembamba."

"Hapana, mama."

"Kwa leo tu, mwanangu."

Voahirana alichota, akasawazisha kwa kidole, akamimina sufuriani. "Moja," akasema, sauti ya kawaida, kama ya sokoni. Akachota tena. "Mbili." Akaweka kopo chini, akafunga gunia, akajazia mihogo mpaka sufuria ikakaribia kumwagika.

Zoeline alitoka chakula kilipoiva. Macho yalikuwa yamevimba. Hakukaa sehemu yake karibu na mama yake, alikaa upande wa mlango, akapokea sahani bila kumtazama mtu. Wakala. Mihogo mikavu inataka mtu atafune.

Alipomaliza akaiweka sahani chini.

"Sijashiba," akasema.

Razafinoro aliinamisha kichwa. Herilanto akaacha kutafuna. Voahirana alikuwa anakwangua sufuria, na hakuacha kukwangua.

"Hata mimi, wifi," akasema. "Hata mimi sijashiba."